Saa ya Rubani na Njia ya Angani Juu ya Ufipa

Rubani ni neno la zamani katika lugha yetu. Watu wa pwani walimwita rubani yule mtu ajuaye miamba na mikondo ya maji, aliyeongoza jahazi mpaka bandarini. Hata eropleni zilipofika katika nchi zetu, jina lile lile alipewa yeye aongozaye ndege angani. Wala jina halikukosea, maana kazi ni moja: kujua upo wapi na waelekea wapi, mahali pasipo na njia wala kibao. Leo nataka kuwaeleza habari za chombo kidogo kilichomsaidia rubani wa angani katika kazi hiyo, nacho ni saa ya mkono: jinsi ilivyobuniwa, jinsi ilivyovaliwa, na jinsi inavyotuhusu sisi wa Ufipa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, mtoto mmoja alifika kengele imekwisha lia. Alitoka mbali, upande wa Lyamba lya Mfipa, nchi inapoteremka kuelekea bonde la Rukwa. Nikaitazama saa yangu, nikamwamuru asimame nje hata somo la kwanza likaisha. Akaniambia, “Mwalimu, nimetoka nyumbani wakati ule ule wa siku zote.” Sikumsikiliza. Jioni ile, katika redio, nikasikia saa ikitangazwa, nikaona ya kuwa saa yangu imetangulia mbele dakika 12. Kumbe mtoto hakuchelewa; mimi ndiye niliyepiga kengele mapema. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Lakini neno lile halikuniacha. Nikajiuliza: ikiwa dakika 12 zimemdhulumu mtu aliyesimama juu ya ardhi, je, zingemfanya nini mtu aliye angani? Ndipo nilipoanza kusoma habari hizi.

Kwanza tuitazame nchi yetu katika ramani. Shika kipimio, upige mstari kutoka Tabora mpaka Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika Zambia. Utaona mstari huo wapita karibu sana na Sumbawanga. Urefu wake ni kilometa 450 hivi. Mbala ni mji unaokumbukwa na wazee, kwa sababu ndipo majeshi ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki yaliposalimisha silaha zao tarehe 25 Novemba 1918. Vita ilikuwa imekwisha Ulaya tangu tarehe 11, lakini habari ilimfikia mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, baada ya siku chache. Siku zile watu walikaa vitani na huku amani imekwisha patikana, kwa kuwa habari ilikwenda polepole.

Mwaka uliofuata, 1919, Waingereza walituma watu kutengeneza viwanja vya ndege toka Misri mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Tabora palikuwa na kiwanja, na Abercorn palikuwa na kiwanja. Mamia ya watu wa nchi walifanya kazi ya kukata miti na kuvunja vichuguu vya mchwa, ili ndege zipate kushuka salama. Basi njia ya kwanza ya ndege kupita katikati ya Afrika ilielekezwa juu ya Ufipa. Mwaka 1920 ndege ya gazeti la Times la London ilifika Tabora, na hapo ikavunjika tarehe 27 Februari ilipojaribu kuruka. Watu wa Afrika Kusini wawili, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walitoka Uingereza tarehe 4 Februari mwaka ule ule. Wakavunja ndege mbili njiani, wakafika Cape Town kwa ndege ya tatu, tarehe 20 Machi. Baadaye Mwingereza Alan Cobham, katika safari yake ya mwaka 1925 na 1926, alishuka Tabora, kisha Abercorn, akaenda hata Cape Town na kurudi. Hata mwaka 1932, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kupeleka barua na abiria mpaka Cape Town, njia yake ilipita Dodoma na Mbeya, si juu yetu tena.

Sasa tufikiri juu ya marubani wale wa kwanza. Hawakuwa na mtu wa kuwaongoza kwa redio. Walikuwa na ramani, tena ramani zenye sehemu nyingi tupu, na dira, na saa. Dira humwambia mtu anaelekea wapi, lakini haimwambii amekwenda kiasi gani. Hilo hulijua kwa saa. Tuseme rubani anatoka Tabora, na ndege yake yaenda kilometa 150 kila saa moja. Basi baada ya muda wa saa 3 atakuwa amekwenda kilometa 450, naye atazame chini akiona Abercorn. Chini yake, mwendo mrefu, ni pori la miombo tu, mti na mti, lisilo na alama. Tuseme saa yake imesimama dakika 12 njiani, kisha ikaendelea, naye hana habari. Atakapokuwa juu ya kiwanja atadhani amebakiza kilometa 30. Wingu likiwa limefunika mji, atapita. Petroli nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho rubani alikihesabu kwa saa ile ile. Tena upepo waweza kuisukuma ndege pembeni au kuirudisha nyuma. Hivyo rubani alikuwa na mashaka mengi asiyoweza kuyaondoa. Hakutaka saa yake iongeze lingine.

Lakini saa ya mfukoni, hata ikiwa nzuri namna gani, haikumfaa. Mikono yake yashika usukani. Amevaa koti zito na mifuko ya mikono, maana ndege za zamani hazikuwa na paa, na kila ukipanda mita 1,000 baridi huzidi digrii 6 hivi. Sisi tunaokaa katika nchi iliyo juu mita 1,800 twajua baridi ya Juni na Julai. Yeye alipanda juu kuliko sisi, na upepo ukimpiga usoni. Afungue koti, atafute mnyororo, atoe saa, afungue kifuniko! Kabla hajaisoma ndege imekwisha pinda.

Mtu aliyelalamika juu ya jambo hili mapema ni Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekaa Paris. Yeye aliruka kwa maputo kwanza, kisha kwa eropleni. Tarehe 12 Novemba 1906 aliruka mita 220 mbele ya watu kwa muda wa sekunde 21 na kidogo. Alimweleza rafiki yake Louis Cartier, sonara na mfanyaji wa saa, kuwa hawezi kutoa saa mfukoni akiwa angani. Mwaka 1904 Cartier akamfanyia saa ya mraba yenye ukanda wa ngozi, ya kufunga mkononi. Siku zile saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na waume wengi waliona haya kuivaa. Askari wengine walikuwa wamekwisha funga saa zao za mfukoni mikononi katika vita ya Makaburu, kwa haja tu. Hata mwaka 1911 saa ya namna ile ya Santos-Dumont iliuzwa kwa watu wote.

Mfaransa Louis Blériot naye, alipovuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alivaa saa mkononi, kazi ya kiwanda cha Zenith. Hakuwa na dira. Kwa muda wa dakika kama 10 hakuona pwani ya mbele, wala ya nyuma, wala meli yo yote. Safari yake yote ilikuwa ya dakika 36 na nusu. Kisha vita ya 1914 hata 1918 ilipokuja, askari walipaswa kuanza shambulio wote kwa dakika moja, na saa ya mkono ikawa chombo cha waume pia. Haya yakaisha kwa sababu ya haja.

Basi mafundi walijifunza kuiunda saa kwa kuifuata kazi yenyewe. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, zile tanuru ndefu kupita kimo cha mtu, na mhunzi hakufua jembe kwa ajili ya kulitazama. Alifikiri udongo, na mkono wa mwenye kulima. Ndivyo walivyofikiri mafundi wa saa. Kwanza, uso wa saa uwe mweusi na tarakimu ziwe nyeupe na kubwa, zisomeke kwa kutupa jicho mara moja. Pili, pale juu kwenye 12 pawekwe alama ya pembe tatu, ili hata gizani mtu ajue juu ni wapi. Tatu, kichwa cha kutilia ufunguo kiwe kikubwa, kishikike kwa mkono uliovaa mfuko. Nne, ukanda uwe mrefu, ufungwe juu ya mkono wa koti. Tano, saa ilindwe na sumaku. Maana ndani ya ndege mna mashine za umeme, na umeme huzaa sumaku, na utepe mwembamba kama unywele ulio ndani ya saa ukishikwa na sumaku, saa hukimbia. Dawa yake ni kuifunika mashine ya saa kwa chuma laini ndani ya ganda lake.

Lakini lilibaki neno moja gumu, nalo ni sekunde. Ili tulielewe, turudi kwenye jua letu. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa muda wa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii 1 kila dakika 4. Hivyo jua huwafikia watu wa Dar es Salaam kabla yetu kwa nusu saa hivi, ingawa saa zao na zetu zasema namna moja. Mtu awezaye kupima jua au nyota, na kujua saa ya Greenwich barabara, aweza kuhesabu yupo mashariki au magharibi kiasi gani. Mabaharia walitumia hesabu hii tangu Mwingereza John Harrison alipofanya saa ambayo, katika safari ya kwenda Jamaika ya mwaka 1761 na 1762, ilipotea sekunde 5 tu kwa siku 81. Lakini hesabu hii haina huruma. Karibu na ikweta, sekunde 4 za kosa hukupoteza karibu kilometa 2. Dakika 4 hukupoteza zaidi ya kilometa 110. Nikaipiga hesabu ya dakika zangu 12, nikapata digrii 3, yaani kilometa 330. Kama ningekuwa rubani niliye juu ya Sumbawanga, saa yangu ingeniambia niko Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Sasa, saa za mkono za zamani ziliweza kurekebishwa akrabu ya saa na ya dakika, lakini akrabu ya sekunde ilijiendea yenyewe. Rubani aliposikia saa katika redio, akaona sekunde zake zimepotea 30, hakuwa na la kufanya. Na sekunde 30 ni kilometa 14 hivi. Mwamerika Philip Van Horn Weems, afisa wa majeshi ya bahari, alilitatua neno hili mwisho wa miaka ya 1920 kwa njia nyepesi. Alisema: ikiwa akrabu haigeuki, na tuugeuze uso. Akaweka duara ndogo ya sekunde katikati ya uso wa saa, izungukayo kwa mkono, hata alama yake ipatane na akrabu wakati redio inapolia. Kiwanda cha Longines, nchi ya Uswisi, kikaifanya. Charles Lindbergh, aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927 kwa muda wa saa 33 na nusu, alikwenda kujifunza kwa Weems mwaka 1928, ingawa sifa zake zilikuwa zimeenea dunia yote. Katika mwaka 1931 ikatoka saa aliyoibuni yeye, ambayo huonyesha digrii pamoja na saa, ili kupunguza hesabu. Upana wake ulikuwa milimita 47 na nusu.

Afrika yetu ya Mashariki nayo ina habari yake. Beryl Markham alikulia Njoro katika Kenya, akajua Kiswahili tangu utoto, akajifunza urubani Nairobi. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kwenda Amerika, dhidi ya upepo. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 aeleza ya kuwa rubani Jim Mollison alimwazima saa yake ya mkono, ile iliyomvusha Atlantiki ya kaskazini na ya kusini, akamwonya kuwa hampi kabisa, asiipoteze, na zaidi ya yote asiiloweshe. Watu wawili wajuao hatari waliagana hivyo, kwa maneno ya saa. Mama yule aliruka usiku kucha katika mvua na mawingu. Mwisho barafu ikaziba njia ya hewa ya petroli, injini ikazima, naye akaangukia matopeni katika Nova Scotia, nchi ya Kanada, akatoka na jeraha la kichwa. Aliitazama saa. Ilikuwa ni muda wa saa 21 na dakika 25 tangu alipoondoka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake toka Uingereza upande ule bila kutua.

Je, saa bora ya rubani ni ile kubwa? Mwaka 1940 Wadachi waliwafanyia marubani wao saa yenye upana wa milimita 55, kama kifuniko cha chupa kubwa. Lakini saa ya Waingereza iitwayo Mark 11, iliyotolewa mwaka 1948 na kuendelea, ilikuwa na milimita 36 tu. Uso mweusi, ganda la ndani la chuma laini, wala haina pambo. Marubani wa Uingereza waliitumia miaka mingi. Hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa kwetu. Kijana alirudi toka mjini na saa kubwa ya kirubani, yenye akrabu sita na vifungo vitatu. Mzee akamwuliza, “Mjukuu wangu, ni saa ngapi?” Kijana akatazama, akanyamaza, kisha akasema imesimama tangu juzi. Mzee akasema, “Basi hiyo ni bangili.” Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tena haifai kusahau gharama iliyolipwa na wengine. Ili saa isomeke gizani, tarakimu zilipakwa rangi yenye madini iitwayo radiamu. Katika Marekani, tangu mwaka 1917, wasichana waliajiriwa kuipaka kwa brashi ndogo, wakafundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa haina madhara. Mifupa ya taya zao ikaoza, na wengi wakafa wakiwa vijana. Watano walishitaki, na mwaka 1928 wakalipwa fidia. Siku hizi rangi za saa hazina sumu ile. Rubani aliyesoma saa yake usiku alisoma pia kwa uhai wa wasichana wale, naye hakuwajua.

Leo ndege huongozwa kwa satelaiti. Mtu aweza kudhani saa imekwisha kazi. Sivyo. Kila satelaiti hubeba saa, nayo hutangaza wakati. Chombo ndani ya ndege hupima ishara imechukua muda gani kufika, kikajua kipo wapi. Ishara hiyo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, hivyo kosa la sekunde moja iliyogawanywa mara milioni hukupoteza mita 300. Hesabu ni ile ile ya Tabora na Abercorn. Kipimo tu kimekuwa chembamba.

Basi, msomaji mpenzi, jaribu hivi nyumbani kwako. Simamisha kijiti wima mahali tambarare, utie alama kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Kama upo Sumbawanga, utaona si saa sita kamili, bali kwa wastani ni saa sita na dakika 54, maana saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa mashariki zaidi yetu. Na katika mwaka itasogea mbele au nyuma, isizidi robo saa hivi. Wafundishe na watoto. Wataelewa kuwa saa haiamuru jua, nayo yahitaji kusahihishwa.

Mimi tangu siku ile huilinganisha saa yangu na redio kila jioni, kama rubani kabla ya safari. Na mtoto akisema hakuchelewa, kwanza naitazama saa, kisha namtazama mtoto.